Meli Naiona, Kontena Silioni

Mfanyabiashara mmoja wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ninayemfahamu tangu enzi anauza soksi kwa kutembeza, siku hizi anaagiza vyombo vya jikoni kutoka Guangzhou. Mwezi ule sufuria zake zilikuwa zimechelewa, na wateja wake wa jumla wa Mbeya na Lubumbashi walikuwa wanampigia asubuhi na jioni. Akanisogezea simu mpaka puani. "Tazama hapa, kaka. Meli naiona, kontena silioni."

Kiooni kulikuwa na ukanda mwembamba wa bahari, umebanwa kati ya rasi ya Malaysia na kisiwa cha Sumatra, umejaa mishale midogo kama siafu wanaohama. Ya kijani ni meli za mizigo, ya mafuta ni myekundu. Mshale wake ulikuwa unasogea taratibu kuelekea Port Klang, ambako kontena lingeshushwa na kusubiri meli nyingine ya kulileta Dar. Jina la meli alilijua, urefu wake aliujua, hata mwendo wake wa dakika ile. Asichokijua ni kama kontena lake lilipakiwa humo kweli au lilibaki bandarini China. Hilo mshale hautangazi.

Unachotangaza ni kidogo, ila unakitangaza bila kuchoka. Ndani ya chumba cha usukani kumefungwa kisanduku ambacho mabaharia wanakiita AIS. Meli ikiwa safarini, kila baada ya sekunde chache kisanduku kinapiga mbiu kwa mawimbi ya redio ya VHF: mimi ni fulani, niko hapa, naelekea kule, kwa mwendo huu. Meli jirani zinasikia, minara ya nchi kavu inasikia, siku hizi hata setilaiti zinasikia, na kampuni za intaneti zinaziokota mbiu hizo na kuzifikisha mkononi mwa muuza sufuria. Tangu mwisho wa mwaka 2004, meli zote za tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa zinalazimika kuwa nacho. Hayo ni matakwa ya Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, yaliyopitishwa mwaka 2000. Miaka minne tu, na bahari nzima ikavaa kengele shingoni.

Nimeanzia kwenye kasi hiyo kwa sababu miaka ileile, na katika ukanda uleule aliokuwa akiukodolea macho rafiki yangu, kulikuwa na mradi mwingine wa kuongoza meli kwa vyombo vya kielektroniki. Ulipangwa kwa uangalifu zaidi, ukapata wafadhili wakubwa, ukasainiwa mbele ya kamera. Mabaharia wengi wanaopita pale leo ukiwatajia jina lake watakuuliza ndio nini hicho.

Mlango Bahari wa Malacca una urefu wa kilomita 800 na ushei. Kaskazini ni mpana. Ukishuka kusini unapungua kama faneli, hadi kwenye Mkondo wa Phillips karibu na Singapore, ambako upana haufiki kilomita tatu. Humo zinapita meli zaidi ya 80,000 kwa mwaka: mafuta ya Ghuba yanakwenda Japani, Korea na China, na magari, nguo na sufuria zinarudi huku. Tena shida si upana peke yake. Chini kuna mchanga unaotembea. Unajipanga kama matuta ya shamba na kuhama kwa nguvu ya mikondo, hivyo kina kilichoandikwa kwenye ramani ya zamani si lazima ndicho utakachokikuta. Jirani na Port Klang kuna fungu ambalo Waingereza waliliita Fungu la Pima Moja. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa: pima ni mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Na karibu na fungu hilo zinapita meli za mafuta zenye kuzama mita ishirini majini, zikitakiwa na kanuni za mlango zibakize angalau mita tatu na nusu chini ya mkuku.

Kila kanuni ya mlango ule ina ajali yake nyuma, au karibu kila moja. Januari 1975 meli kubwa ya mafuta ya Japani, Showa Maru, ilipanda mwamba karibu na Singapore. Mwaka 1977 ukapitishwa mpango wa kugawa njia, wanaokwenda upande wao na wanaorudi upande wao, katikati ukanda wa kutokanyagwa. Ukaanza kutumika 1981. Mwaka 1990 Singapore ikafungua kituo cha kuzifuatilia meli kwa rada. Septemba 1992, upande wa kaskazini ambako ni kupana, Nagasaki Spirit na Ocean Blessing ziligongana usiku na kuwaka moto. Katika watu wa meli zote mbili walitoka hai wawili. Oktoba 1997 ikawa zamu ya Evoikos na Orapin Global, tena palepale Singapore ambapo rada zilikuwa na miaka saba kazini, na tani zipatazo 28,500 za mafuta mazito zikamwagika. Mwaka uliofuata, Desemba 1, 1998, ukaanza utaratibu wa lazima wa meli kujitambulisha kwa redio.

Basi mtu aliyekuwa anapanga mambo ya mlango ule mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa na haki ya kusema: hivi viraka vimetosha, tushone nguo mpya.

Nguo hiyo iliitwa Barabara Kuu ya Kielektroniki ya Baharini. Mwaka 2006 Benki ya Dunia na IMO zilitia saini, fedha zikitoka Mfuko wa Mazingira Duniani, dola milioni 8.3. Washirika walikuwa Indonesia, Malaysia na Singapore, Korea Kusini ikiunga mkono, na vyama vya wenye meli vikiahidi kuzileta meli zao. Kwanza ungefanywa mfano kwenye kipande kigumu zaidi, kuanzia Fungu la Pima Moja mpaka mnara wa taa wa Horsburgh, mashariki ya Singapore. Sakafu ya bahari ingepimwa upya kwa mitambo ya mwangwi inayofagia eneo pana kwa mara moja. Ramani za karatasi zingegeuzwa za kielektroniki. Vyombo vya kupima maji kupwa na kujaa, mikondo na upepo vingepelekwa baharini, taarifa zake zikusanywe katika kituo kimoja na kurushwa melini papo hapo. Nahodha angekuwa na kioo kimoja mbele yake kinachomwonyesha meli zote, kina cha saa ile na si cha kitabuni, mkondo unamsukuma upande gani, na, kwa kuwa mwenye fedha ni mfuko wa mazingira, mikoko na matumbawe yaliyo hatarini mafuta yakimwagika.

Siwezi kuucheka mpango huo. Ni mzuri. Ukimsomea nahodha yeyote atasema nipeni hata kesho.

Kituo cha taarifa kilijengwa Batam, kisiwa cha Indonesia chenye viwanda na vivuko, umbali wa kilomita ishirini hivi kutoka Singapore. Usiku ukiwa Batam unaona taa za maghorofa ya jirani ng'ambo. Mradi ulifungwa mwaka 2012. Vipimo vilichukuliwa, ramani zikachorwa, mitambo ikakabidhiwa. Awamu ya pili, ile ya kuieneza barabara mlango mzima na kuifanya ijilipie, haikuja kwa sura iliyoandikwa.

Ripoti nyingi za miradi hupenda kusema "changamoto za utekelezaji". Neno hilo linafunika kila kitu, kama kanga ya msibani. Kwa hapa nadhani tunaweza kulifunua, maana mambo yaliyoibana barabara ile yanajulikana na si siri ya mtu.

La kwanza ni kwamba wakati haukuusubiri mradi. Ulipobuniwa, meli kuwa na ramani ya kielektroniki ilikuwa anasa, na kujitambulisha kwa kisanduku ilikuwa ndoto. Ndiyo maana wapangaji walihesabu kwamba barabara yao itawaletea manahodha kitu wasichokuwa nacho. Kabla hata wino wa saini haujakauka, AIS ilikuwa tayari sheria. Mwaka 2009 IMO ikapitisha kwamba meli kubwa zitalazimika kuwa na ramani za kielektroniki, kwa awamu kuanzia 2012. Yaani mwaka uleule mradi unafungwa, bidhaa yake kuu inaanza kuwa kifaa cha lazima kinachouzwa na kampuni za kila aina. Fikiria mtu aliyejenga kibanda cha simu ya mezani, akapaka rangi, akaweka na benchi la wateja, siku ya uzinduzi kila mtu akaja na simu yake mfukoni.

La pili ni pesa, na hapa ndipo ningependa kukaa kidogo. Mpango ulitegemea kwamba baada ya mfano, watumiaji wenyewe watachangia: wenye meli watalipia taarifa. Lakini Malacca ni njia ya kimataifa, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari hauruhusu meli itozwe ushuru kwa kupita tu. Unachoweza kulipisha ni huduma mahususi uliyompa. Sasa jiweke mahali pa mwenye meli. Rada za Singapore zinamwona bure. Taa na maboya anayatumia bure. Kisanduku chake kinamsikilizisha meli zote bure. Umwambie alipie kujua mkondo kwa usahihi zaidi kidogo kwenye safari ya saa chache? Atakushukuru kwa wazo zuri na kupita zake. Mkataba huohuo, kifungu cha 43, unazitaka nchi zinazotumia mlango zishirikiane na nchi za mlangoni, na Japani imekuwa ikitoa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 kupitia baraza lake la Malacca, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta yake inapita pale na inajua uchungu wake. Mwaka 2007 ukaundwa utaratibu mpana zaidi wa ushirikiano, na mfuko wa kutunza taa na maboya. Watu wanachanga. Wanachangia kwa hiari, wanachangia taa, kitu ambacho kikizimika usiku mmoja kila mtu ataona giza. Kuchangia kituo cha kompyuta Batam ni jambo lingine.

La tatu ni kwamba barabara moja ilikuwa na wenyewe watatu. Singapore ilikuwa na kila kitu tayari na fedha za kuongeza. Malaysia ilikuwa na vituo vyake Klang na Johor. Indonesia ilikuwa na pwani ndefu kuliko wote na vifaa vichache kuliko wote. Na taarifa za nani anapita wapi, saa ngapi, hazibaki kuwa taarifa za usalama wa meli tu. Mwanajeshi naye anazitazama kwa jicho lake. Malaysia na Indonesia hazikujiunga hata na mkataba wa Asia wa kupeana taarifa za uharamia, ambao makao ya kituo chake yako Singapore. Jirani anaweza kukukopesha chumvi na bado asikuonyeshe daftari lake la madeni.

Kilichobaki kikifanya kazi kila siku ni kile kilichokuwapo kabla ya mradi. Sauti.

Nilipata bahati ya kukaa barazani na nahodha mstaafu, mzee wa Tanga, aliyepita Malacca mara nyingi kuliko alivyopanda basi la Arusha. Nilimwuliza kuhusu barabara ya kielektroniki. Akachovya kipande cha kashata kwenye kahawa. "Mwanangu, mimi nilikuwa naijua chaneli sabini na tatu." Mlango umegawanywa maeneo tisa, akaeleza. Matano ya mwanzo unaongea na Klang, la sita Johor, matatu ya mwisho Singapore, na la saba, ambamo umo Mkondo wa Phillips, ndilo linalosikiliza chaneli 73. Ukiingia eneo unajitaja: jina la meli, mahali ulipo, kama umebeba kitu cha hatari. Anayekujibu anaweza kukuambia kuna meli ya mafuta inakuja, imezama sana, haiwezi kukupisha, punguza wewe. "Basi. Unapunguza. Halafu unatoka nje ya mlango wa chumba unatazama kwa macho yako, maana kule kuna wavuvi wa Sumatra na taa zao za kandili. Na hao hawana chaneli."

Nikamwuliza kama vioo havikumsaidia. Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza kama jua linasaidia. Vinasaidia sana, akasema, ila kioo kinakuonyesha kilichopiga kelele. Asiyepiga kelele humwoni.

Neno hilo nililikumbuka niliposoma habari za USS John S. McCain. Alfajiri ya Agosti 21, 2017, manowari hiyo ya Marekani, yenye rada ambazo nchi nyingi zingetamani kuziona tu pichani, iligongwa na meli ya mafuta Alnic MC ikiwa inaingia Mlango Bahari wa Singapore. Mabaharia 10 walikufa ndani ya mabweni yao. Manowari haikuwa inatangaza kwa AIS. Ni desturi yao kunyamaza. Ila kiini cha ajali kilikuwa usukani wake wa kisasa wa kugusa kioo. Katika kuhamisha udhibiti kutoka meza moja kwenda nyingine, aliyeshika usukani aliamini ameupoteza, ilhali ulikuwa kwenye meza ya pembeni yake, na injini mbili zikawa hazilingani mwendo. Wakiwa wanatafutana, manowari ikakata kushoto na kujipeleka mbele ya meli ya mafuta. Baada ya uchunguzi, Jeshi la Majini la Marekani likatangaza mwaka 2019 kwamba litaondoa vioo vya kugusa vya kudhibiti mwendo kwenye manowari za aina ile na kurudisha vishikio vya kushika kwa mkono. Mabaharia wenyewe walipoulizwa ndivyo walivyotaka.

Huku kwetu watu wachache wanajua kwamba barabara ile ilikuwa na mdogo wake wa kufuatana, na mdogo huyo alizaliwa pwani yetu.

Mwaka 2007 Benki ya Dunia ilipitisha mradi wa barabara ya baharini ya Magharibi ya Bahari ya Hindi, Mfuko wa Mazingira Duniani ukitoa dola milioni 11. Nchi nane: Tanzania, Kenya, Msumbiji, Afrika Kusini, Komoro, Madagaska, Ushelisheli na Morisi. Lengo lilifanana: ramani, misaada ya kuongozea meli kwenye Mkondo wa Msumbiji zinakopita meli za mafuta zinazozunguka Rasi ya Tumaini Jema, na matayarisho ya kukabili mafuta yakimwagika. Nao ulimalizika mwaka 2012.

Miaka ile mtu wa pwani anaikumbuka kwa jambo jingine. Ndiyo miaka maharamia wa Kisomali walipotoka Ghuba ya Aden wakasambaa kusini hadi jirani na Ushelisheli na Msumbiji. Na hapo kisanduku kikageuka. Kifaa kilichoundwa ili uonekane usigongwe kikawa kifaa cha kukuuza, maana mbiu haichagui msikilizaji. Miongozo ya IMO inamruhusu nahodha kuizima AIS akiona usalama wake uko hatarini, na manahodha wakaizima. Hebu pata picha ya mpangaji aliyeketi ofisini akichora bahari ambamo kila meli inajitangaza, wakati huohuo huko nje meli zinazima taa na kujificha. Hakuna aliyekosea. Karatasi iliandikwa kabla ya kusi kugeuka kaskazi.

Halafu kuna Morisi. Julai 25, 2020, meli ya kubeba shehena kubwa, MV Wakashio, yenye urefu wa karibu mita 300, ilipanda matumbawe pale Pointe d'Esny. Siku kadhaa baadaye ikapasuka na tani zipatazo 1,000 za mafuta zikaingia kwenye matumbawe na mikoko, watu wakashona mikanda ya majani ya miwa na nywele kuzuia mafuta. Kampuni iliyokuwa imeikodi ilieleza baadaye jinsi ilivyokuwa. Njia ya awali ilikuwa maili 22 za baharini kutoka pwani. Wakaisogeza hadi maili tano. Siku ya ajali wakataka kuisogeza hadi maili mbili, ili simu za mkononi zikamate mtandao. Ramani waliyokuwa nayo haikuwa ya kipimo kinachofaa kwa kukaribia pwani, na zamu ya kuangalia nje haikushikwa ipasavyo.

Nimeisoma habari hiyo mara kadhaa na kila mara nasimama palepale kwenye simu. Kisanduku kilikuwa kinapiga mbiu. Njia ya meli ilionekana, imenyookea nchi kavu, na leo mtu yeyote anaweza kuitazama ikiwa imechorwa. Watu waliokuwa miezi mingi baharini wakati wa korona, bila kubadilishwa zamu, walitaka kusikia sauti za nyumbani. Mradi gani wa barabara ya kielektroniki ungeandika hilo kwenye jedwali lake la hatari?

Mwaka fulani nilitembelea ofisi moja ya mambo ya bahari, sitasema nchi wala mji. Chumba kilikuwa safi. Ukutani palikuwa na kioo kikubwa, zawadi ya mradi, kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, kile kile tunachowekea redio na friji zisipate vumbi. Pembeni, nembo za wafadhili watatu. Nilipouliza kama kinafanya kazi, afisa akasema kinafanya, ila leseni ya programu yake iliisha na maombi ya kuilipia yako mezani kwa wakubwa. Jenereta lipo, dizeli inategemea. Halafu akatoa simu yake binafsi, akafungua programu ileile aliyonayo rafiki yangu wa Aggrey, ya bure, na kunionyesha meli tatu zilizotia nanga nje. Bando ananunua mwenyewe. Mezani kulikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, limefungwa uzi baada ya mgongo kuachia. Humo kila meli iliyoita kwa redio imeandikwa kwa kalamu: saa, jina, inatoka wapi, ina watu wangapi. Hakuna siku iliyorukwa. Niligeuza kurasa nyuma hadi miaka kabla ya mradi, miandiko ikibadilika na safu zikibaki zilezile.

Nilitamani mpangaji wa mradi angeanza kwa daftari lile. Si kwa sababu daftari ni bora kuliko kioo. Mtu akizama usiku, kioo kitamtafuta haraka kuliko daftari. Ni kwa sababu daftari lilikuwa na mwenyewe. Alikuwa anajua kesho asubuhi nani ataliandika, na kalamu zinatoka fungu gani la bajeti. Kioo kilikuwa na tarehe ya kukabidhiwa, mgeni rasmi na picha ya pamoja, lakini leseni yake haikuwa kwenye fungu la mtu yeyote.

Sufuria zilifika Dar wiki ya sita. Rafiki yangu alinipigia: "Kaka, mshale umeingia, njoo Feri tuutazame." Tukaenda kusimama karibu na soko la samaki, pale mlango wa bandari unapobana hivi kwamba meli ikipita unaona mpaka kutu ya nanga. Kivuko kilikuwa kimesimama upande wa Kigamboni kikisubiri, abiria wamejaa, wauza karanga wanapita katikati yao. Yeye ameshika simu kama mtu anayesoma ramani ya hazina. Mshale wa kijani ulikuwa unakuja taratibu kwenye mkondo wa bluu, mtupu, hakuna kitu mbele yake.

Nilinyanyua macho. Mbele ya meli kulikuwa na ngalawa mbili na mtumbwi mmoja. Ngalawa ya kwanza ilikuwa na tanga lenye kiraka cha mfuko wa unga. Ilikwisha kuuona mlima ule wa chuma unakuja na ilikuwa inakata upande, kijana ametoa mguu kwenye tengo kuiweka sawa. Ya pili ilifuata. Mtumbwi haukuwa na tanga. Mzee mmoja alikuwa ndani, ameinama, anavuta mshipi, na nadhani alikuwa na kitu kwenye ndoana.

Nikatazama tena simu. Mkondo mtupu.

Meli ikapiga honi, ndefu, iliyotetemesha mabati ya soko. Kule juu, pembeni ya chumba cha usukani, mtu mwenye jaketi la rangi ya machungwa alikuwa ametoka nje ameegemea ukingo, anatazama chini. Rubani wa bandari, bila shaka. Alinyoosha mkono na kuupunga kuelekea upande wa Kigamboni, kama mtu anayemfukuza kuku kwa upole. Mzee wa mtumbwi aliinua kichwa. Akafunga mshipi kwenye kidole gumba cha mguu, akashika kafi, akapiga makafi manne hivi bila haraka, akapisha.

"Umeona?" rafiki yangu aliniuliza, bado ameinamia kioo. "Sasa inakata kona."